Mishipa mitatu imeziba na pesa zipo: kwa nini fundi wa Kamukunji hakuwekewa stenti

Mgonjwa ni fundi wa mabati wa Kamukunji, umri miaka 61. Anatengeneza masanduku ya shule, karai na majiko. Ana kisukari kwa miaka kumi na mmoja, presha kwa miaka saba, na sigara aliiacha alipotimiza hamsini. Anaishi Pangani, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Ameniruhusu kuandika kisa chake, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Kwa miezi minane hivi alikuwa akibanwa na kifua kila akiinua bunda la mabati au akipanda ngazi za kwake. Nilipomuuliza maumivu yakoje, hakutafuta neno. Alikunja ngumi akaibandika katikati ya kifua. Wagonjwa wa moyo hufanya hivyo mara nyingi, na mwenye vidonda vya tumbo kwa kawaida huelekeza kidole kimoja. Hata hivyo alikuwa ameshanunuliwa dawa za asidi chupa kwa chupa, kwa kuwa kila jirani alimwambia ni vidonda.

Baadaye alipelekwa kwenye kliniki moja jijini, akatembezwa kwenye mashine ya mazoezi, kipimo kikaonyesha moyo unakosa damu. Akafanyiwa angiogramu: mrija mwembamba unaingizwa kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye mishipa ya moyo, dawa ya rangi inamiminwa, picha zinapigwa. Majibu yalisema mishipa yote mitatu mikubwa ina shida. Familia ikaambiwa zinahitajika stenti tatu au nne, yaani vibomba vya kuuacha mshipa wazi, na zisicheleweshwe. Wakaitisha harambee, wakafungua kundi la WhatsApp, ploti ya Joska ikauzwa. Bintiye aliyeko Qatar akatuma akiba yake yote. Walipofika kwetu hawakuja kuuliza kama afanyiwe, walitaka kujua lini.

"Daktari, pesa tunayo," mwanawe wa kwanza alisema, akiweka mkoba wa karatasi mezani. "Mzee asingoje tena."

Ndiyo sababu nimechagua kisa hiki. Sisi hapa Nairobi tumezoea kuzungumzia mgonjwa anayekosa stenti kwa kukosa pesa, na ni kweli wapo, tena wengi. Lakini yupo pia mgonjwa anayekaribia kuwekewa stenti kwa sababu pesa zimepatikana na picha inatisha. Huyo haonekani, maana kila mtu anafurahi siku ya kutoka hospitali.

Swali la kwanza halihusu picha hata kidogo. Ni hili: je, hii ni dharura? Mtu akipata shambulio la moyo, mshipa mmoja ukafungwa ghafla na damu iliyoganda, nyama ya moyo inaanza kufa ndani ya saa moja. Hapo kuzibua kwa puto na kuweka stenti kunaokoa maisha, na hatukai kujadiliana. Ndani ya saa kumi na mbili tangu maumivu yaanze mgonjwa anakimbizwa moja kwa moja chumba cha mishipa, na lengo ni puto lifike ndani ya dakika 90 tangu aingie mlangoni. Kama yuko Lodwar au Mwingi na hawezi kufikishwa penye huduma hiyo ndani ya dakika 120, anapewa kwanza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kisha anasafirishwa. Kwa hiyo msomaji asichukue kisa hiki kuwa ruhusa ya kusubiri. Kifua kikikubana ukiwa umekaa, kikazidi robo saa, na hasa ukitoka jasho jembamba au ukihisi kichefuchefu, usingoje kukuche. Usinywe dawa ya asidi ukalala.

Mzee wetu hakuwa hapo. Maumivu yake yalikuja akifanya kazi na kuondoka akipumzika dakika tatu nne. Hayakuwahi kumwamsha usiku. Jambo moja tu lilitutia wasiwasi: miezi miwili ya mwisho alikuwa akibanwa kwa kazi ndogo kuliko zamani. Mwanzo alifika ghorofa ya tatu ndipo asimame, sasa alisimama ya kwanza. Maumivu yanayozidi hivyo yanaweza kuwa dalili kwamba shambulio liko njiani, na hayapuuzwi. Tukampima umeme wa moyo, tukampima troponini, protini inayoonekana kwenye damu nyama ya moyo ikiumia, mara mbili kwa saa kadhaa. Vyote vilikuwa safi. Basi kwa nini anazidi?

Jibu lilikuwa ndani ya ule mkoba. Karatasi ya hesabu ya damu, iliyochapishwa siku ileile ya angiogramu, ilionyesha hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ni 8.6. Mwanamume mzima tunamtarajia awe na 13 au zaidi. Karatasi ilikuwa imekunjwa nyuma ya risiti.

Nikamuuliza kuhusu choo. Akamtazama mkewe kwanza. Mkewe ndiye aliyejibu: "Ni cheusi, daktari. Tangu mfungo wa Pasaka. Tulidhani ni zile dawa." Nikamuuliza dawa zipi, ikatoka kwenye mkoba wa mama pakiti ya diklofenaki, dawa ya maumivu, iliyobaki vidonge vinne. Mgongo wa fundi anayeinama juu ya fuawe tangu asubuhi lazima umuume, na kwa miaka mingi alikuwa akinunua dawa hiyo dukani bila cheti cha daktari, mara mbili kwa siku, wakati mwingine tumbo likiwa tupu. Ilikuwa imemchimba kidonda na damu inavuja kidogo kidogo. Majirani walioshuku vidonda hawakukosea kabisa. Alikuwa na magonjwa mawili, moja likilichochea jingine.

Hapa inafaa kueleza moyo unavyofanya kazi, kwa sababu ndipo kisa kilipogeukia. Viungo vingine vya mwili, damu ikipungua nguvu, vinaweza kufyonza oksijeni zaidi kutoka kwenye damu hiyohiyo inayopita. Moyo hauna nafasi hiyo, kwani hata mtu akiwa amepumzika tayari unafyonza sehemu kubwa ya oksijeni iliyomo. Ukihitaji zaidi, njia yake ni kuletewa damu nyingi zaidi. Sasa mchukue mtu ambaye mishipa yake imekuwa myembamba, damu nyingi haipiti, halafu kila kikombe cha damu kinachopita kina theluthi mbili tu ya mzigo wake wa kawaida. Lazima abanwe ghorofa ya kwanza. Uzibaji wa mishipa pengine ulikuwa vilevile kama mwaka uliotangulia, kilichobadilika ni damu.

Je, angewekewa stenti wiki ile? Stenti ni bomba la matundu ya chuma linaloachwa ndani ya mshipa, na mwili huchukua muda kulifunika. Mpaka lifunikwe, damu inaweza kuganda juu yake, kwa hiyo mgonjwa lazima anywe dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na klopidogreli, kwa kawaida miezi sita kwa aliyewekewa bila dharura, na mwaka mzima kwa aliyepata shambulio. Dawa mbili hizo juu ya kidonda kinachovuja zingemtoa damu kwa wingi. Akivuja, daktari wa tumbo atataka dawa zisimamishwe. Zikisimamishwa mapema, damu huweza kuganda ndani ya stenti, mshipa ukafungwa kwa dakika chache, na anayepatwa na hilo yuko katika hatari kubwa ya kufa. Mzee aliyekuja na kifua kinachobana kwenye ngazi angegeuzwa kuwa mgonjwa wa kufa na kupona, kwa kazi ya mikono yetu.

Ni kweli stenti za siku hizi zimeboreshwa, na kwa mtu aliye katika hatari kubwa ya kuvuja damu tunaweza kufupisha zile dawa mbili hadi mwezi mmoja. Hilo linanipa nafasi ninapolazimika. Lakini mwenye kisukari, mishipa mitatu, stenti ndefu kadhaa, na kidonda ambacho hata hakijaangaliwa? Sikuona kilichotulazimisha.

Tukaanza na tumbo. Endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, ilionyesha kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo, na kipimo cha bakteria wa vidonda kikatoka chanya. Akapewa antibiotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi kwa siku kumi na nne. Dawa ya asidi tulichagua pantoprazoli, kwa sababu omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli na hatukujua kama tutaihitaji mbele ya safari. Akaongezewa madini ya chuma. Diklofenaki ikafa siku hiyo, na mgongo ukahamishiwa parasetamoli na mtaalamu wa viungo. Daktari wa tumbo aliporidhika kwamba hakuna damu inayotoka, mzee akaanzishiwa aspirini ndogo ya miligramu 75.

Upande wa moyo, alikuwa amefika kwetu akinywa amlodipini, dawa ya presha, peke yake. Mgonjwa wa mishipa mitatu, tayari kwa stenti nne, hajawahi kuandikiwa hata kidonge kimoja cha kupunguza mapigo wala cha kushusha kolesteroli! Mambo kama haya yananiuma kuliko bei ya stenti. Tukaanzisha bisoprololi na mapigo yakashuka kutoka 92 hadi 61 kwa dakika. Tukaanzisha atovastatini ya miligramu 80. Tukamfundisha dawa ya kuweka chini ya ulimi: kaa kwanza, ndipo uweke, maana presha hushuka na mtu akisimama anaweza kuanguka. Sukari ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 9.4, nayo ikarekebishwa dawa.

Familia haikupokea vizuri. Nawaelewa. Watu walikuwa wamechanga, na kwenye kundi la WhatsApp wakaanza kuuliza, mbona mzee bado hajafanyiwa? Mjomba mmoja alidai hospitali inangojea pesa ziongezeke. Mwanawe alinipigia simu jioni: "Daktari, hivi tukirudi kule kwingine watamfanyia kesho. Wewe unatuambia vidonge?" Nilimwambia ukweli jinsi ulivyo. Kwa mtu asiye na shambulio, stenti inapunguza maumivu, lakini haijathibitika kumwongezea siku za kuishi kuliko dawa nzuri peke yake. Hili si neno langu. Utafiti wa COURAGE wa mwaka 2007, wagonjwa 2,287, haukuona tofauti ya vifo wala ya mashambulio kati ya waliowekewa stenti pamoja na dawa na waliopewa dawa tu. ISCHEMIA, uliochapishwa 2020 ukiwa na wagonjwa 5,179, ulifika palepale hata kwa watu ambao vipimo vilionyesha moyo unakosa damu kwa kiasi kikubwa. Waliopata nafuu ya wazi ya maumivu ni wale waliokuwa wakiumia mara kwa mara. Tafiti zote mbili ziliwaacha nje wenye kuziba shina la kushoto, pale mishipa miwili inapotokea, na wao wana hesabu yao. Shina la mzee lilikuwa safi.

Kwa hiyo hakuna kilichoharibika kwa kungoja, mradi asibanwe akiwa amepumzika. Walingoja. Sidhani ilikuwa rahisi.

Baada ya miezi mitatu hemoglobini ilifika 12.8. Mzee alikuwa akipanda ghorofa zote nne na kupumzika mara moja, na choo kilikuwa cha kawaida. Kolesteroli mbaya ilishuka kutoka 4.1 hadi 1.7. Stenti haikuwa imeguswa, na kubanwa kulikuwa kumepungua kuliko alivyotarajia mtu yeyote katika ile familia.

Sasa ndipo ilipofika zamu ya picha. Tuliketi pamoja, daktari wa upasuaji wa moyo, daktari wa mishipa na mimi ninayemfuatilia kliniki, tukaitazama angiogramu upya. Mshipa unaoshuka mbele ya moyo, ambao hulisha sehemu kubwa kuliko yote, umebanwa asilimia 80 karibu na chanzo chake, kipande kirefu chenye chokaa, kikivuka mahali mshipa unapogawanyika. Mshipa unaozunguka kushoto, asilimia 75. Wa kulia umefungwa kabisa, zamani, na unalishwa kwa vijishipa vya pembeni. Tulipoijumlisha kwa alama za SYNTAX ikatoka 27. Kipimo hicho huhesabu ugumu wa mishipa yenyewe: 22 kushuka ni nyepesi, 33 kupanda ni nzito, yeye yuko katikati. Nguvu ya moyo kusukuma damu ilikuwa asilimia 48, imepungua kidogo. Figo zilikuwa salama.

Mgonjwa mwenye alama 27 asiye na kisukari ningeweza kubishana na daktari wa upasuaji hadi jioni. Kisukari ndicho kilichokata shauri. Utafiti wa FREEDOM, mwaka 2012, uliwachukua watu 1,900 wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja, nusu wakawekewa stenti zenye dawa na nusu wakafanyiwa baipasi, yaani upasuaji wa kupandikiza mshipa unaoruka sehemu iliyoziba. Baada ya miaka mitano, waliokufa, au kupata shambulio la moyo, au kiharusi, walikuwa asilimia 26.6 upande wa stenti na 18.7 upande wa upasuaji. Vifo peke yake vilikuwa 16.3 kwa 10.9. Upasuaji ulikuwa na gharama yake, kwani kiharusi kilikuwa asilimia 5.2 dhidi ya 2.4, na hilo lazima mgonjwa aambiwe waziwazi.

Sababu ya tofauti hiyo inaeleweka. Kwa mwenye kisukari ugonjwa umetapakaa mshipa mzima. Stenti hutibu pale ilipowekwa. Baipasi ni barabara ya mchepuko inayoungana na mshipa mbele ya sehemu mbovu, kwa hiyo uzibaji mpya ukitokea nyuma ya maungio hayo, damu tayari imeshapita. Tena mshipa bora wa kupandikiza unatoka ndani ya ukuta wa kifua, upande wa kushoto, nao hudumu wazi kwa wagonjwa wengi zaidi ya miaka kumi.

Daktari wa mishipa alileta hoja ambayo sikuweza kuipuuza: anaendelea vizuri kwa dawa, kwa nini tumpasue? Utafiti wa BARI 2D wa 2009, wenye watu 2,368 wa kisukari, haukuona tofauti ya vifo kati ya dawa na kurekebisha mishipa. Lakini katika kundi lililochaguliwa kwa upasuaji, yaani wenye ugonjwa mpana kama wake, matukio makubwa, hasa mashambulio ya moyo, yalipungua. Tukamaliza hivi: upasuaji ndio ushauri wetu, kuendelea na dawa ni njia halali akikataa, na stenti ni ya mwisho kwenye foleni.

Kisha tukamwita mwenyewe, maana kifua ni chake.

Mzee alisikiliza yote akauliza jambo moja: "Nikipasuliwa, nyundo nitaishika lini?" Hilo ndilo swali ambalo tafiti hazilijibu. Aliyewekewa stenti kupitia mkono hurudi kazini baada ya siku chache. Mfupa wa kifua uliokatwa huchukua wiki nane hadi kumi na mbili kushikana, na kwa kazi ya kuinua mabati nilimpa miezi mitatu kamili. Ilikuwa Oktoba. Januari ndiyo msimu wa masanduku, wakati wanafunzi wapya wanaingia shule za bweni, na mapato ya msimu huo humlisha hadi Agosti. Kumwambia apasuliwe Novemba ilikuwa kumwambia apoteze mwaka.

Kwa kuwa hali yake ilikuwa imetulia, tulikubaliana afanyiwe Februari, kwa masharti: kubeba ni kazi ya vijana wake, yeye akate na kupima, akibanwa akiwa amekaa, anakuja saa hiyohiyo na makubaliano yanavunjika. Mkewe akayarudia masharti yale mbele yetu, moja moja, akimtazama usoni. Pesa za harambee zikaelekezwa kwenye kile ambacho bima ya SHA isingelipa, na kiasi kikatengwa kwa dawa za mwaka wa kwanza. Hilo la mwisho nililisisitiza mimi. Kabla ya stenti au upasuaji huwa nauliza familia nani atanunua dawa mwezi wa saba, shangwe zikishaisha. Kwa mgonjwa wa stenti, jibu la swali hilo ni sehemu ya uteuzi sawasawa na picha yenyewe.

Wapo ambao kwao ningechagua stenti bila kusita. Wiki ileile alikuja mama wa miaka 54 kutoka Umoja, hana kisukari, mshipa mmoja tu umebanwa kipande kifupi, anakunywa dawa mbili za maumivu ya moyo barabara na bado hawezi kufika sokoni bila kusimama. Aliwekewa stenti moja, akarudi nyumbani siku ya pili. Andreas Grüntzig alipozibua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza, Zürich, Septemba 1977, alimchagua mtu wa miaka 38 mwenye uzibaji mmoja mfupi. Uteuzi ulikuwepo tangu mgonjwa wa kwanza. Ningeichagua pia kwa mzee dhaifu asiyeweza kustahimili upasuaji na anayeteseka kwa maumivu, au aliyekwisha kufanyiwa baipasi zamani. Na pale picha inapoonyesha asilimia 50 au 60, jicho halitoshi: tunapitisha waya wa kupima shinikizo, na ikiwa shinikizo baada ya uzibaji limebaki juu ya 0.80 ya lile la kabla yake, mshipa huo tunauacha.

Mzee alifanyiwa Februari. Mshipa wa kifuani uliunganishwa na ule unaoshuka mbele, na vipande viwili vya mshipa wa mguu vikapelekwa kwa mingine miwili. Kidonda cha mguuni kilichelewa kupona, jambo la kawaida kwa mwenye kisukari, na kikamgharimu wiki nyingine za kufungwa bandeji. Mwezi Juni alirudi Kamukunji. Anaendelea na aspirini, pantoprazoli, atovastatini, bisoprololi na dawa za sukari. Vile vipande vya mguuni havidumu kama mshipa wa kifuani, na kimoja kikija kuziba miaka ijayo akaanza tena kubanwa kwenye ngazi, tutapima hemoglobini kwanza, kisha tutaitazama picha, na safari hiyo stenti huenda ikawa jibu.